Kopo Chini ya Kiti cha Baba

Jumatatu, 18 Juni 1956. Mbeya.

Baridi kali. Mke wangu Tupokigwe hasemi nami tangu asubuhi, na kosa lenyewe ni la mwezi wa tatu! Nilikopa gramafoni dukani kwa Himmat, shilingi mia na arobaini, ili nipigishe dansi ya kiingilio na kulipa deni ndani ya wiki mbili. Hesabu ilikuwa safi. Springi ikakatika siku ya kwanza, santuri ya pili. Hilo nalo langu?

Rehani niliweka cherehani ya Tupokigwe. Nilikuwa na nia ya kumwambia. Sasa Himmat anasema mwisho tarehe thelathini, halafu anaiuza, mnunuzi yupo. Tupokigwe anashonea watu magauni kwa mkono. Vidole vimejaa matundu ya sindano. Nikiviona naumia kweli, ndiyo maana siviangalii.

Basi tunalipa wote. Yeye anauza maandazi, dada yangu Tusajigwe anauza kuku wake, mimi natoa mshahara wa ghalani wote, pamoja na fedha za sigara. Fedha zinakaa ndani ya kopo la chai. Leo zimefika themanini na tano. Mlinzi wa kopo ni Tupokigwe. Mimi Yotamu, karani wa mizani, mtu wa namba, sishikishwi kopo!

Jumanne, 19 Juni.

Rafiki yangu Asukile amerudi kutoka machimbo ya Chunya. Ana unga wa dhahabu ndani ya kichupa cha dawa ya macho. Anatafuta mbia mmoja tu wa shilingi sitini. Baada ya wiki moja zinarudi mia na ishirini. Nikamwuliza kwa nini asiwape ndugu zake. Akasema ndugu zake wana wivu. Jibu la mtu mkweli.

Nikamdokeza Tupokigwe. Tangu hapo anakwenda na kopo hata kisimani.

Alhamisi, 21 Juni.

Nimepata! Kwetu Rungwe mke hamwoni baba mkwe, wala baba mkwe hamwoni mke wa mwanawe. Mke akisikia kikohozi cha mzee tu, mbio. Baba yangu amebatizwa, lakini hili hana mchezo nalo. Basi Baba akija hapa, Tupokigwe atachomoka mikono mitupu na kopo litabaki. Nimetuma neno Tukuyu kwa dereva wa lori la ndizi: Baba aje upesi, nimemkumbuka mno.

Na kweli nimemkumbuka.

Jumamosi, 23 Juni.

Baba amefika na koti lake la sufu na mkungu wa ndizi. Akakohoa mara moja uani. Tupokigwe huyoo, mlango wa nyuma, kanga kichwani, mpaka kwa Tusajigwe, nyumba ya pili. Mikono mitupu! Nusura nipige vigelegele.

Nikamkaribisha Baba kwenye kiti chetu kimoja chenye mgongo. Nikatafuta kopo kitandani. Jikoni. Ndani ya gunia la mahindi. Kisha nikaliona. Liko chini ya kiti, katikati ya miguu ya Baba.

Haidhuru. Mzee lazima ainuke.

Jumatatu, 25 Juni.

Hainuki! Anasema lori limemuumiza goti. Akienda chooni anatoka na kopo kwapani. Nikamwuliza kulikoni. Akasema mkwewe amemletea salamu kwa mdomo wa Tusajigwe, kwamba ndani ya kopo hilo imo cherehani yake, tafadhali amwangalizie. Naye akarudisha salamu kwamba halitasogea. Tusajigwe ananieleza kwa furaha kubwa kuwa Tupokigwe alilisukumia pale kwa mguu kabla ya kukimbia, maana alijua mgeni hukaa wapi.

Miaka tisa hawa watu hawajaonana uso wala kusemezana neno. Siku mbili tu wameshapatana juu yangu!

Na mpishi ni nani? Mimi. Nachota maji, nasonga ugali, naosha vyombo. Wanawake kisimani wananipa pole huku wanacheka. Baba anasema ugali una mabonge. Tena anasema hivyo akiwa anaongeza.

Jumatano, 27 Juni.

Asukile amekuja kutaka jibu. Nikamweleza Baba biashara yote, kwa heshima na kwa hesabu. Baba akaomba aione hiyo dhahabu. Akamimina kidogo kiganjani, akatia mate, akasugua kwa kidole gumba, akanusa. Akasema ni shaba iliyopigwa tupa. Lo! Nilisahau kabisa kuwa Baba alichimba dhahabu Lupa miaka minne, mimi nikiwa bado shule. Asukile akakumbuka kwamba lori lake linaondoka.

Inasikitisha mtu mwenye mipango anavyovunjwa moyo.

Kisha Baba akafumua bitana ya koti lake, akatoa shilingi thelathini za kahawa, akazitia kwenye kopo mbele ya macho yangu. Nikamshukuru. Akasema si zangu.

Jumamosi, 30 Juni.

Maandazi na kuku vimemalizia ishirini na tano. Kopo limetimia! Tukaenda dukani mimi na Tusajigwe, kopo mikononi mwake. Himmat akahesabu mara mbili, akalipiga jina langu mstari wa wino mwekundu, akaniita mteja mwaminifu mbele ya watu. Tusajigwe akaguna.

Nikabeba cherehani kichwani mpaka kwa Tusajigwe. Tupokigwe akalishika gurudumu, akalizungusha taratibu, akalia. Nami machozi yakanitoka, nakiri. Nikaapa sikopi tena maisha yangu. Niliapa kwa sauti, hata Baba kule nyumbani akasikia.

Jumatano, 4 Julai.

Baba ameondoka leo na koti jipya. Tupokigwe amelishona siku tatu kwa mtu asiyemjua hata sura, kwa kupimia koti la zamani alilopelekewa na Tusajigwe. Limemkaa barabara. Baba alimwagiza Tusajigwe ampelekee mkwewe shukrani mara tatu. Koti la zamani limebaki hapa msumarini, litiwe viraka vya viwiko. Atalifuata baadaye.

Tupokigwe amerudi nyumbani. Anaimba. Cherehani inalia. Nyumba imetulia mpaka miguu inaniwasha. Nikapita kwa Himmat, kusalimu tu. Kumbe amepata springi za gramafoni! Shilingi thelathini na tano. Kiingilio senti hamsini, watu sabini tu, deni limekwisha. Hesabu ni safi.

Himmat akataka rehani. Nikalikumbuka koti la msumarini. Sufu nzito, hata Himmat ameisifu.

Nimeshafikiria kila kitu. Tupokigwe akigundua, hawezi kumwambia Baba. Atamwambiaje? Hawaonani!