Mimi, Meja na Ndege ya Nairobi

Jumatatu, 4 Agosti 1952

Bwana Meneja wa mgodi amehamishiwa Nairobi. Ofisi nzima imehuzunika. Mimi, karani wake, nilihuzunika mpaka saa nne, aliponiita niandike barua. Mkewe, Memsabu, haondoki bila mbwa wake, Meja. Meja hasafiri kwa gari, maana hutapika kila kona. Basi lazima apande ndege!

Meja si mbwa. Ni ndama mwenye meno. Akisimama kwa miguu miwili, ananitazama utosini.

Mungu amenikumbuka: mbwa hapandi ndege peke yake. Nataka kumwoa Apolonia, fundi cherehani wa hapa Geita. Mwezi uliopita, katika kutafuta sifa, nilimwambia baba yake, Mzee Maganga, kwamba mimi hupanda ndege kikazi. Sijawahi kukalia hata kiti cha mbele cha lori. Tangu siku ile kila nikimwamkia, “Mwangaluka, baba,” mzee ananivuta kando niwasimulie wageni wake habari za angani. Nimeishiwa na habari.

Alhamisi, 7 Agosti

Majibu yamefika. Ndege kubwa ya Mwanza huchukua mbwa, ila ndani ya sanduku, chini pamoja na mizigo. Seremala alimpima Meja kwa kamba, akakuna kichwa, akasema sanduku la mbwa huyu halitapita mlango wa ndege. Labda ndege iingie kwenye sanduku. Memsabu alilia.

Njia ya pili: ndege ndogo ya kukodi, inatua hapa hapa kwenye kiwanja cha mgodi. Rubani ni Mgiriki. Anasema mbwa akae kiti cha nyuma bila sanduku, awe na mtu wa kumshika, na wawili hao wasizidi ratili mia mbili na hamsini.

Mtu wa kumshika! Nilisoma maneno hayo mara tatu, nikafuta miwani, nikayasoma tena.

Jumamosi, 9 Agosti

Nina mpinzani. Januari, mpishi wa Bwana Meneja, naye anataka kwenda. Anadai Meja anakula mkononi mwake.

Memsabu akaamua tupimwe sote kwenye mzani wa pamba. Meja: ratili mia moja na thelathini. Januari: mia na sabini na moja. Huko ndiko kuonja mboga kila saa! Mimi: mia na kumi na mbili tu. Wembamba wangu, ninaotukaniwa tangu shule, leo umenifaa. Niliupigia mzani saluti.

Januari hakukubali kushindwa. Alimwambia Memsabu kwamba Meja hanipendi. Nikasema huo ni uzushi. Meja akaningurumia, nikajikuta nimepanda juu ya marobota ya pamba. Memsabu amenipa mpaka Ijumaa ya tarehe 22, siku ya safari, nipatane na Meja.

Jumanne, 12 Agosti

Nimegundua siri ya mapatano. Maini! Kila alfajiri napitia kwa mchinjaji, kisha naingia kwa Meja kupitia uani. Leo hakuningurumia. Alilamba mkono, akalamba kiatu, akala soksi.

Ijumaa, 15 Agosti

Ushindi! Meja ananifuata kila mahali. Ofisini anakalia miguu yangu mpaka inakufa ganzi. Maini sasa ni mara tatu kwa siku.

Januari alinisimamisha njiani, akaniuliza kama sioni kwamba mbwa anajaa. Nikamwambia wivu haujengi. Amezoea kuona vitu vikinenepa jikoni mwake.

Nimemtangazia Mzee Maganga siku ya safari. Amealika watu. Apolonia akaacha kushona, akaniuliza nitarudije kutoka Nairobi. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikasema sisi watu wa ndege huwa tunarudi tu.

Ijumaa, 22 Agosti

Siku yenyewe. Kiwanjani watu kama mnadani. Mzee Maganga kaja na kiti chake. Mimi koti, kofia, viatu vinang’aa. Ndege ikatua, vumbi likatulia, Mgiriki akashuka na mzani wake mwenyewe.

Meja: ratili mia moja hamsini na mbili.

Nikasema mzani mbovu. Akanipandisha mimi: mia moja na kumi na nne. (Maini mengine, nakiri, niliyala mimi.) Rubani alijumlisha kwenye kiganja, akatikisa kichwa. Akasema ndege yake inaruka, hailimi.

Nikavua koti. Nikavua kofia. Nikavua viatu. Bado! Nikamwambia njiani nitapumua kidogo kidogo. Januari alicheka mpaka akashikilia bawa la ndege.

Ndipo Memsabu akauliza ni nani mwembamba ambaye Meja anamjua. Macho yote yakamwendea Klara, mke wa Januari, aliyekuja kutazama tu. Ratili tisini na tano! Alimkabidhi mumewe kikapu, akakaza kanga, akapanda. Meja akamfuata na kulaza kichwa mapajani pake.

Kicheko cha Januari kikakatika. Alikimbia nyuma ya ndege akipiga kelele, “Mama Esta! Nyumbani atapika nani?”

Mpishi mzima!

Ndege ikaruka. Ikapita juu yetu, Klara akapunga mkono dirishani, umati ukashangilia. Nami nilishangilia. Nilirusha kofia, sikujua kwa nini. Ilikuwa nzuri mno.

Kisha Mzee Maganga akanigeukia.

“Sasa wewe, mwanangu, mbona uko chini?”

Nikaungama yote, miguu mitupu, mbele ya wageni wake. Apolonia akageuka, nikadhani anakwenda zake. Kumbe alikuwa anazuia kicheko. Akacheka, akacheka mpaka akakaa kwenye majani, na baba yake naye akaanza. Alipopata pumzi, Apolonia akasema, “Vaa viatu, Donatus. Twende ukale.”

Jumapili, 31 Agosti

Klara amerudi kwa treni na meli. Mji mzima umejaa kwake kusikia habari za angani. Anasema alilala njia nzima.

Jumanne, 2 Septemba

Posa imekubaliwa! Mzee Maganga ameniweka chini, akasema hatoi binti yake kwa mtu mwongo. Nikaapa kwamba nimebadilika kabisa. Akaridhika. Tukanywa chai.

Kisha akasema Jumamosi tutavuka maji kwenda Mwanza kumpa kaka yake taarifa. Yeye anaogopa ziwa tangu ujana. Akaniuliza kama najua kuogelea.

Nikamjibu kwamba niliwahi kuogelea kutoka Mwanza hadi Ukerewe, tena nikiwa na homa.

Jioni nimekwenda kwenye lambo la ng’ombe kujaribu. Maji yanafika kiunoni. Nimezama mara mbili. Zimebaki siku nne. Zinatosha kabisa.