Safu Tatu Kuwa Moja: Mkurugenzi Azindua Mfumo wa Hospitali

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, waheshimiwa wajumbe, makamu wa wajumbe, makaimu wa makamu, madaktari bingwa na wanaokaribia ubingwa, wagonjwa mliosimama nanyi mnaonisikiliza mkiwa mmelala: salamu! (Makofi. Mmoja anakohoa.)

Mimi, Mkurugenzi wenu wa Takwimu, nasimama hapa kwa unyenyekevu ambao idara nzima imeukadiria kuwa hauna mfano. Kwa miaka mingi jedwali letu la wagonjwa limeweka jina katika safu hii, kundi la damu katika safu ile, na kitanda katika safu ya tatu, hata damu ya huyu ikawa inabisha hodi kitandani kwa yule. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nami naongeza, safu na safu hujaza safu! Leo, kupitia mkakati jumuishi wa intagresheni ya kidijitali, programu yetu ya takwimu imeziunganisha zote tatu kuwa moja, kwa ufanisi wa asilimia mia moja na nne! (Sauti: "Hizo nne mmezitoa wapi?") Hizo, ndugu yangu, ni akiba.

(Bibi mmoja anasimama: "Mwanangu, mjukuu wangu yuko chumba cha upasuaji sasa hivi. Damu watakayomwongezea ni ya kundi lake?")

Swali zuri mno, bibi, ndiyo maana sikulitarajia. Mjukuu wako yumo salama ndani ya sistimu.

("Sistimu ipi? Nimemwandika mwenyewe mkononi kwa kalamu ya wino mzito: jina, damu, kitanda. Mstari mmoja!" Kicheko.)

Hapo sasa! Mabibi na mabwana, mmeshuhudia programu ikifanya kazi!

(Muuguzi anachungulia mlangoni: "Bibi wa kitanda cha dirishani! Mjukuu wako katoka salama. Daktari kausoma mkono wake." Vigelegele.)

Asanteni, vigelegele hivyo nimevipokea kwa niaba ya mradi. Safu tatu? ("Moja!") Damu ya jirani? ("Abaki nayo!")

Nihitimishe kwa kuwashukuru wafadhili wa kompyuta itakayonunuliwa, mtaalamu atakayeajiriwa kuandika hiyo programu, na fundi atakayevuta umeme hadi kwenye chumba kitakachojengwa. Nawe bibi, shukrani za pekee. Ila kabla hujaenda kwa mjukuu, tuachie hiyo kalamu, kwani wapo wanaopasuliwa mchana, na mradi hauna kifaa kingine.