Msonyo wa Shernette

Jumatatu, 3 Februari
Mwanangu ameitwa kikao cha nidhamu. Kosa: kusonya.
Nimemwambia arudie, labda sikusikia vizuri. Kusonya, Mama. Mfuko wa takataka ulimpasukia mikononi wodini, maji machafu yakamwingia viatuni, akausonya. Nani asingesonya? Hata mchungaji angesonya. Lakini Bi Tranter, meneja wa wodi, alikuwa nyuma yake. Ameandika kwamba Shernette alimtolea sauti ya vitisho. Vitisho! Mtoto ambaye mpaka leo akiona buibui anamwita mdogo wake aje amuue.
Kikao ni Jumanne ijayo. Wakimkuta na hatia, kazi hana. Na mwezi wa tisa hospitali ilikuwa impeleke kusomea uuguzi kamili. Miaka saba ya kuwa msaidizi wa wauguzi alikuwa anangojea hilo.
Nimelia kidogo jikoni. Kisha nimenawa uso. Hapa ughaibuni, Wolverhampton, nimelea watoto watatu kwa kusukuma toroli la chakula katika hospitali hiyo hiyo. Meneja mmoja atanishinda wapi? Nina mpango.

Jumanne, 4 Februari
Mpango: keki nyeusi ya ramu, ile ya Krismasi. Mtu mwenye keki tumboni hana roho mbaya. Nimeiacha mezani kwa Bi Tranter na salamu zangu.
Mchana Clive, msimamizi wetu wa jikoni, akaniita. Bi Tranter anauliza kwa nini mama wa mshtakiwa anamletea pombe kazini. Nikasema hiyo ni keki. Clive akainusa. "Ionie, mama'angu, hii mtu akiwasha kibiriti tumekwisha wote." Kisha akakata kipande. Wapagazi wa wagonjwa wakasikia harufu. Imerudi sahani tupu.
Bi Tranter ameongeza shtaka: kujaribu kumshawishi. Shernette hasemi nami. Nimempikia uji wa mahindi wenye maziwa ya nazi, kaumaliza wote bila neno.

Alhamisi, 6 Februari
Mtu wa chama cha wafanyakazi kaja nyumbani. Gurdeep Sahota, mpole, tai imepinda. Anasema tatizo si msonyo. Mwezi uliopita Bethan, msaidizi wa wodi hiyo hiyo, mweupe, alimtukana daktari tusi la nguoni na kupiga mlango teke. Bi Tranter alimkalisha kwa chai akamuuliza nyumbani kuna nini. Basi. Tangu meneja huyo aje, walioitwa kikao wote ni weusi na Wahindi. "Mweupe akikosea anaitwa chai," kasema Gurdeep. "Sisi tunaitwa kikao." Hilo atalisema mbele yao.
Kwangu ameomba kitu kimoja tu: nitulie. Nimemhakikishia.
Mpango wa pili: kumzoesha Shernette asisonye siku ile. Pipi ya mnanaa mdomoni. Mwenye pipi hasonyi. Tumefanya majaribio. Nikamwaga chai makusudi kwenye zulia lake jipya. Kanitazama tu. Kisha doa likaanza kuenea nikasonya mimi.
Kauliza, Mama, anayefundishwa ni nani?

Jumapili, 9 Februari
Kanisani Dada Myrtle, aliyeninyang'anya wimbo wa Pasaka kwenye kwaya, ameomba dua mbele ya watu wote kwa ajili ya "binti wa Dada Ionie aliyepatwa na mashtaka". Kwa jina! Kofia kubwa kama sinia. Siri hiyo nilimwambia Dada Pansy peke yake, na nilimwapisha. Nimeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote, nimnyime raha.
Nje akanishika mkono. Akasema mwanawe walimfanyia hivyo hivyo, hospitali nyingine, naye kama mama akanyamaza akidhani yatapita. Leo kijana anaendesha teksi. "Usinyamaze, Ionie." Nikashindwa kumchukia mpaka tulipofika kituo cha basi. Hapo akasema amesikia keki yangu siku hizi ni kavu.

Jumanne, 11 Februari
Mpango wa tatu. Chai ya vikao hutoka jikoni kwetu. Nimebadilishana zamu na Oluchi, mwenzangu wa jikoni, nimeingia na toroli, kichwa chini, pipi mdomoni kwa tahadhari. Gurdeep akaniona akafumba macho kama mtu anayesali. Mwenyekiti ni Bwana Penhale, mzee wa miwani, wa kutoka hospitali nyingine. Nikamimina chai polepole. Sijawahi kumimina chai polepole vile.
Shernette akasema kweli tupu: alisonya, aliusonya mfuko. Bi Tranter akasema si mfuko uliosonywa. Hakuuona uso wa Shernette, ila sauti ile anaijua popote, ilimlenga yeye, na watu hawa ndivyo walivyo, wakali.
Watu hawa.
Pipi nikaimeza. Kisha msonyo ukatoka. Ule wa marehemu mama yangu kule kwetu kisiwani, Clarendon, mrefu, unaoanzia kisiginoni.
Bi Tranter hata hakugeuka. Akamnyooshea Shernette kidole. "Mmesikia? Anarudia tena!" Na Shernette alikuwa na kikombe mdomoni, mashavu yamejaa chai, hawezi kumeza wala kutema.
Bwana Penhale akamtazama Shernette, akanitazama mimi. Akamuuliza Bi Tranter taratibu: ikiwa leo, meza moja, amekosea hata mdomo uliotoa sauti, siku ile, akiwa mgongoni kwa mtu, alijuaje sauti ilikuwa ya kwenda kwa nani? Gurdeep akasimama hapo hapo na habari ya Bethan. Bi Tranter akasema Bethan alikuwa na matatizo ya nyumbani. Bwana Penhale akamgeukia Shernette: wewe uliulizwa habari za nyumbani?
Shernette akameza. "Hapana, bwana. Hakuna aliyeniuliza."
Mashtaka yamefutwa. Shule ipo palepale. Na wodi nzima itachunguzwa, nani huitwa chai, nani huitwa kikao. Koridoni mwanangu amenikumbatia mpaka kofia ya jikoni ikaanguka. "Mama, wewe ni balaa."

Jumatano, 12 Februari
Clive kaniita, uso umemsawijika. Nimeitwa kikao cha nidhamu. Kuingilia kikao cha watu, na kutoa sauti. Gurdeep ananiomba, kwa magoti anasema, niombe radhi, nikae kimya, yataisha.
Nimemwambia sawa.
Zabibu nimeshaziloweka kwenye ramu. Bwana Penhale, mwenyekiti tena, ana sura ya mtu wa keki. Na Dada Myrtle analeta kwaya nzima, sauti zote nne, wasimame nje ya mlango. Jioni hii tumefanya mazoezi sebuleni kwangu. Wote kwa pamoja, kuanzia kisiginoni. Shernette kaweka vidole masikioni.
Wakitusikia, wamtafute aliyesonya.