Maji ya Nabii na Pakiti za Zahanati

Jumatatu, 15 Januari

Kipindupindu kimefika Ulemo, na nyumbani kwetu kimemkuta Bibi. Kambi ya matibabu ipo nyuma ya zahanati, dakika kumi kwa miguu. Bibi hataki. Anamtaka Nabii Urbano, aliyetandaza turubai karibu na mashine ya kukamulia alizeti. Masharti ya Nabii: kijiko cha mafuta yaliyoombewa, kisha maji yake tu ya chupa, kifuniko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kifuniko! Mtu anayeharisha hivi! Nimemaliza kidato cha nne juzi tu, baiolojia bado ipo kichwani. Nikampinga Bibi kwa ukali. Yaani niliuambia ukuta. Bibi alikuwa karibu na ukuta.

Nikakimbilia kwa Nesi Editha. Akanipa pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, akasema nimlete mgonjwa haraka. Nikaitikia. Nikarudi, nikachemsha maji, nikayapoza, nikachanganya kwenye chupa ya Nabii. Nikamwambia Bibi masharti yamebadilika: sasa ni kikombe kila akitoka chooni. Akauliza nani kasema. Mwinjilisti, nikasema. Yupi? Yule mrefu. Wainjilisti wote wa Nabii ni wafupi. Mungu nisamehe.

Jumanne, 16 Januari

Bibi anakunywa! Anasema maji ya kwanza hayakuwa na upako, haya mpaka ulimi unausikia. Jioni kaomba uji, na kakojoa. Nesi alisema mkojo ukirudi ni dalili nzuri. Sijawahi kufurahia mkojo wa mtu kiasi hiki. Nina akili sana.

Alhamisi, 18 Januari

Sina akili. Bibi kapona, kajifunga kanga mpya, kaenda kutoa ushuhuda kwa Nabii. Miguu ya Bibi sikuwa nimeifikiria. Kipaza sauti kimesikika mpaka kambini. Mzee Mazengo, jirani yetu aliyelazwa huko, kachomoa dripu, kawaamuru wanawe wampakie kwenye mkokoteni wa ng'ombe wampeleke kwa Nabii. Sasa ananyweshwa vifuniko.

Ijumaa, 19 Januari

Macho ya Mzee Mazengo yamezama. Atakufa kwa sababu ya chupa yangu! Nikajikaza, nikaenda kusema ukweli mbele ya wote. Nabii akadhani ni ushuhuda, akanipa kipaza sauti. Nikasema: "Shikamooni." Wakaitikia marahaba. Nikaketi. Wakapiga makofi.

Nikamnong'oneza Bibi yote. Akauliza kama huyo mrefu hayupo kabisa. Hayupo, Bibi. Akainuka, akaenda kumsimamia mgonjwa: "Wewe Mazengo, mimi nimeponywa na pakiti za zahanati na mwongo huyu hapa. Panda mkokoteni kabla sijakubeba mwenyewe!" Akapanda. Akarudishwa kambini.

Jumapili, 21 Januari

Mzee Mazengo anakunywa uji. Nesi kasema angechelewa saa moja tu, tungekuwa tunachimba. Nimemwapia Bibi: sitadanganya tena maishani.

Nesi kanipa katoni ya pakiti nipite nyumba kwa nyumba kuwaelekeza watu. Kuwaelekeza! Kwa mdomo! Nyumba ya kwanza nikakuta mbwa. Nikamshukuru, nikageuza.

Ndipo likanijia wazo safi. Nikachana pakiti zote, nikaenda kwa Nabii, na waumini walipofumba macho kwa maombi, nikamimina katoni nzima kwenye tangi lake la maji. Sijamdanganya mtu. Hata mdomo sijafungua.

Sasa hivi kipaza sauti kinatangaza kwamba maji ya Nabii yamepata nguvu mpya, wagonjwa wote waje na madumu. Bibi amesimama mlangoni, ananiuliza kama najua lolote.

Nimemwambia huenda ni upako.