Kichwa Changu Dirishani kwa Mama Ekisa

Ndugu zangu mliotangulia Kisumu, leo nimeaibika mpaka mbwa wa ploti amenionea huruma.

Nawaandikia masikio yakiwa bado yanawaka moto (na masikio yangu mnayajua, Mungu hakuyafanyia ubahili). Nitasema yote, tangu asubuhi. Najua kisa hiki kitawafikia tu, kwa hiyo heri kitoke kwangu kabla madereva wa malori hawajakitia chumvi.

Asubuhi Mzee Juma aliniamsha kwa mguu. Huyu ndiye mwenye duka hapa Malaba aliyenihifadhi tangu nivuke mpaka kutoka Uganda. Usiku nalala nyuma ya kaunta yake, mchana nanyoa watu barazani kwake. Mtu mwema kabisa. Lakini leo alikuwa na haraka.

"Fundi, leo magunia yanaingia. Itabidi utoke."

"Magunia ya nini, mzee?"

"Maharagwe."

(Maharagwe hayo yananukia kahawa. Lakini mimi ni mgeni, na mgeni hana pua.)

Basi nikanawa uso, nikatoka kutafuta chumba. Na chumba nakitaka kwa sababu nyingine, kubwa kuliko magunia. Federesi, mke wangu, bado yuko Tororo kwa mama yake, chini kabisa ya ule mwamba wetu mkubwa. Tuliagana kwamba nikipata mlango wangu mwenyewe, nimpelekee habari avuke. Mimi siwezi kurudi kumchukua. Mnamkumbuka yule askari niliyemkata sikio nikimnyoa? Nilimkata kidogo tu. Lakini sikio la askari halina kidogo.

Nina hamu naye, jamani. Nasema wazi, mnicheke mnavyotaka. Nina hamu hata ya kugombezwa naye.

Sasa, kupanga nyumba katika nchi ya watu si mchezo. Tangu kahawa ya magendo ianze kuvuka mpaka, kila mwenye banda hapa Malaba anajiona tajiri wa majumba. Nilianza kwa mzee mmoja karibu na reli. Chumba kizuri, sakafu imesiribwa, mlango una komeo.

"Hiki ni shilingi thelathini kwa mwezi," akasema.

Nikafurahi mno. Ulimi ukaniponyoka, nikashukuru kwa Kiganda: "Webale nnyo, ssebo!"

Mzee akanitazama upya, kuanzia viatu.

"Kumbe wewe ni wa ng'ambo? Basi ni sitini."

"Mzee wangu, si umesema thelathini sasa hivi?"

"Hiyo ilikuwa bei ya salamu."

Nikaondoka nikiwa nimejifunza. Nyumba ya pili nikaamua kuwa Mkenya. Mwenye nyumba alikuwa jamaa mnene mwenye kofia ya manyoya, jua hili! Akaniuliza natoka wapi. Nikakaza shingo nikamtajia kijiji cha upande huu: Mundika.

"Mundika! Mimi nimeoa Mundika! Wewe ni wa kwa nani?"

"Wa... pale chini."

"Chini wapi?"

"Chini tu. Ukishuka."

Hakuniuliza tena. Alinionyesha chumba, na humo ndani nikakuta kuku wamejaa tele, wamepumzika kama wenye nyumba.

"Hawa wanahama lini?" nikauliza.

"Kwa nini wahame? Si mtaelewana?"

Ilikuwa imeshapita saa sita nilipofika kwa Mama Ekisa. Ploti yake iko juu kidogo, njia ya kwenda Amagoro, vyumba vya udongo vimepangana mstari mmoja chini ya mabati. Mama Ekisa ni mwanamke mrefu, mwenye maneno machache na funguo nyingi. Safari hii sikudanganya. Nilimwambia mimi ni kinyozi, natoka Tororo, nina mke mmoja na shida moja, nayo ni chumba.

"Arobaini," akasema. "Ya wenyeji na ya wageni ni hiyo moja. Ingia uone. Mimi naenda kuepua uji."

Nikaingia peke yangu. Chumba cha mwisho, kilichokuwa stoo zamani. Giza. Kulikuwa na dirisha moja tu, tena dogo, tena juu kabisa karibu na mabati, halina ubao wala wavu. Chini yake palikuwa na debe tupu. Nikaligeuza, nikapanda nione dirisha linatazama wapi.

Ndugu zangu, nikauona mwamba.

Mimi hupita barabarani kila siku, najua unaonekana hata ukiwa stendi. Lakini barabarani kuna malori, kuna makarani wa forodha, kuna watu wa kubadilisha pesa wanakuvuta shati. Ukisimama kutazama kwenu, mtu anakuuliza unauza nini. Hapa palikuwa kimya. Niliona miti ya mikaratusi, niliona bonde la mto, na ng'ambo ya pili mwamba wetu umekaa peke yake kama mtu anayengoja wageni. Nikajua chini yake, saa ile ile, Federesi anaanika muhogo na kuwafukuza mbuzi wa jirani kwa matusi.

Nikataka kuona vizuri zaidi. Nikapitisha kichwa. (Hapa ndipo mngenishika shati, kama mngekuwepo.) Kichwa kikatoka nje chote. Nikatoa na mkono mmoja pembeni, kwa taabu. Halafu, Mungu anisamehe, nikaanza kupunga.

"Federesi!" nikaita. "Federesi we! Chumba nimepata!"

Kutoka chini ya kidevu changu mtu akapiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka Bungoma.

Kumbe ukutani hapo hapo, chini ya dirisha, ndipo bafu la ploti lilipo. Miti minne, magunia pande zote, juu wazi. Na ndani alikuwamo mama mmoja mzima, povu kuanzia utosini hadi magotini, amefumbua jicho moja, ananitazama. Na mkono wangu bado unapunga!

Nikafumba macho. Naapa kwa marehemu baba yangu, nilifumba haraka, na nilichoona ni sabuni tupu. Nikarudisha mkono ndani. Nikavuta kichwa. Kichwa kikakataa.

Masikio. Yalikuwa yamelala vizuri wakati wa kutoka, lakini wakati wa kurudi yakasimama kama breki. Nikavuta tena. Debe likapinduka. Sasa miguu inaning'inia ndani, kichwa kiko nje, macho nimeyafumba, na chini yangu mama anapiga mayowe: "Mwizi! Mchunguliaji! Njooni muone mtu anaota kwa ukuta!"

Wakaja wote. Ploti nzima, na ploti jirani. Nilisikia bafu likifunguliwa, mama akipewa leso, kisha watu wakanizunguka. Yaani walikizunguka kichwa.

"Huyu ni nani?"

"Si yule kinyozi wa kwa Mzee Juma?"

"Ngai! Na alininyoa juzi!"

Mama Ekisa akafika na mwiko wa uji mkononi. "Fundi, nilikuambia uone chumba. Nilikuambia uone watu?"

"Mama, nilikuwa naangalia mwamba."

"Mwamba gani?"

"Wa Tororo. Uko pale mbele."

Wote wakageuka. Kutoka pale chini mikaratusi iliziba kila kitu. Wakanigeukia tena, na nyuso zao hazikuwa nzuri. Mwanamume mmoja akasema: "Apelekwe kwa chifu."

Hapo mchezo ukaisha. Chifu ataniuliza kipande cha utambulisho. Kipande sina. Asiye na kipande anarudishwa darajani, na ng'ambo ya daraja kuna mtu mwenye bunduki na sikio moja na nusu. Federesi angevuka kumfuata nani? Nikaanza kuomba kwa lugha zote ninazozijua, na zile nisizozijua pia.

"Kwanza mtoeni," Mama Ekisa akaamua. "Huyo atanibomolea ukuta."

Wawili wakaingia ndani wakanishika miguu. Nje ikahitajika sabuni. Na sabuni iliyokuwapo ni moja tu, ya yule mama. Anaitwa Nyaketcho, anakaanga mihogo hapa stendi. Akaja mwenyewe, amejifunga leso, nywele zinachuruzika, akanipaka masikio. Hakunipaka kwa upole.

"Hii sabuni ni ya pesa," aliniambia kila alipozungusha mkono. "Ni. Ya. Pesa."

Nikatoka kama ndama anayezaliwa, nikaanguka juu ya wale wawili.

Mama Ekisa akasimamisha debe, akapanda mwenyewe kuhakikisha. Akatazama kwa muda.

"Hakuna mwamba," akasema.

"Mama, uko!"

"Fundi, naona mvua."

Kweli. Mvua ilikuwa imeshuka upande wa Uganda, imetanda nyeupe kutoka juu hadi chini, imeumeza mwamba wote. Mwamba ambao haujawahi kwenda popote tangu dunia iumbwe, ukachagua leo kutoka! Watu wakacheka, lakini si kicheko cha kusamehe. Nikawasihi: mvua ipite kwanza, halafu watazame. Wakasimama mlangoni kunilinda. Mimi nimekaa chini, povu linakauka masikioni, yule mbwa amekuja kulala miguuni pangu.

Mvua ilichukua muda wake. Kila mara Mama Ekisa alipanda, alishuka, alitikisa kichwa. Yule aliyetaka nipelekwe kwa chifu akavaa kabisa viatu.

Kisha akapanda tena, na hakushuka.

"Ala," akasema polepole. "Kumbe kweli. Uko hapo, tena umeoshwa." Akanigeukia. "Lakini fundi, mwamba huu si unauona bure hata ukiwa stendi?"

Kabla sijajibu, Nyaketcho akamvuta sketi. "Shuka. Niangalie mwenyewe."

Akapanda. Tukangoja atukane. Hakutukana. Mgongo wake ukatulia namna ambayo hata yule wa chifu akavua kofia bila kujua kwa nini.

"Ehe?" Mama Ekisa akauliza. "Anadanganya?"

"Kwa mama yangu ni upande huu wa kushoto," Nyaketcho akasema, bila kugeuka. "Pale moshi unatoka."

"Lakini wewe si unakaanga mihogo pale stendi kila siku? Hujauona?"

"Kule naupa mgongo. Nitalia mbele ya makondakta?"

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitazama sakafu.

Basi habari ya chifu ikafa hapo hapo. Jirani mmoja akaomba na yeye apande, kisha mwingine, kumbe nusu ya ploti ni watu wa ng'ambo waliojifanya wa Mundika kama mimi. Mama Ekisa alisimama kando akiwatazama wanavyopanga foleni kwenye debe lake. Alikuwa anafikiri. Mwenye nyumba akifikiri, mpangaji ashike mfuko.

"Hiki chumba," akasema, "ni hamsini."

"Mama! Ilikuwa arobaini!"

"Ilikuwa arobaini kabla ya mwamba."

Hamsini ningekopa, ningenyoa mpaka mbuzi. Nikaingiza mkono mfukoni kutoa kianzio. Lakini sauti ikatoka juu ya debe, maana Nyaketcho alikuwa amerudi kwenye foleni na zamu yake imefika tena:

"Nakichukua mimi."

"Mama Nyaketcho," nikasema, "tafadhali. Mimi ndiye niliyeona kwanza."

"Wewe ulichungulia kwanza. Kuona nimeona mimi."

Ploti ikaangua kicheko, na safari hii hata mimi nilijikuta nacheka, machozi yananitoka, na sijui yalikuwa ya nini. Ningemshindaje? Yeye analipa kodi mapema kila mwezi, na mimi ni kichwa kilichookotwa ukutani.

Hivyo nimepewa chumba chake cha zamani, cha pili kutoka mwisho, kwa thelathini na tano. Kina mlango. Dirisha linatazama choo. Nyaketcho ameweka masharti mbele ya mashahidi: Federesi akifika, ataruhusiwa kuingia kwake kutazama kwao wakati wowote. Mimi, marufuku.

Kesho nitampelekea habari avuke. Akishavuka, huko chini ya mwamba sitakuwa na mtu tena. Sikulifikiria hilo mpaka nilipoketi kuandika, na limenikaa kifuani.

Nimewaambia yote, msiniongezee. Na mkitaka kucheka, chekeni huko huko Kisumu, mkija hapa mnyamaze. Ukuta wetu ni wa udongo mwembamba, na sasa hivi Nyaketcho yuko juu ya debe. Namsikia anawaamkia watu wa kwao, mmoja mmoja, kwa majina, na kila jina analingojea kidogo kabla ya kutaja lingine.