Feni ya Bafu la Tatu

Injinia hakuwa injinia. Cheo hicho alijipa mwenyewe siku aliyonunua kofia ngumu ya manjano kwenye mitumba, na kwa kuwa hakuna aliyempinga, akaona kimeidhinishwa. Kazi yake ilikuwa kupita mitaani akichungulia madirisha ya watu. Dari yenye kuvu kwake ilikuwa chakula cha mchana.

Asubuhi hiyo aliona karamu. Dirisha la jikoni la nyumba moja ya ghorofa lilikuwa wazi, mvuke unafuka, na ndani mama mmoja mnene anajipepea kwa mfuniko wa sufuria. Dari juu yake imejaa madoa meusi. Injinia akavaa kofia, akavaa na sura ya msibani, akabisha hodi.

"Mama, humu mnalala?"

"Tunalala. Kwani vipi?"

"Na mnaamka?"

Mama Mwenye Nyumba akakubali kwamba kufikia siku hiyo wameamka wote. Injinia akatikisa kichwa kama daktari aliyecheleweshewa mgonjwa. Akaeleza habari za kuvu, mapafu na hewa iliyokufa, maneno ambayo hata yeye hakujua yanaishia wapi. Mama akamkatiza.

"Mimi kinachoniumiza ni bafu la wapangaji huko juu. Halina dirisha. Nikiweka feni, kodi si itapanda?"

"Itapaa, mama!"

Akatoa feni kwenye begi, akaichomeka kwenye soketi. Ikanguruma, ikaunyakua mtandio wa mama kutoka begani, ukang'ang'ania wavu. Mama akapiga makofi kama mtoto.

Hapa ni lazima tuheshimu utaalamu wa watu. Begi lile lilikuwa na feni mbili. Moja ilikuwa na mota, na hiyo kazi yake ilikuwa kunyakua mitandio. Nyingine ilikuwa kofia la bati lililopakwa rangi nyeupe, ndani hamna kitu, na hiyo ndiyo iliyopanda juu ya mapaa. Mteja akija kugundua, Injinia yuko mtaa mwingine anaulizia afya za watu.

"Nitaomba kianzio," alisema kwa aibu ya kujifunza.

Mama akamletea bahasha nono. Injinia akaitia mfukoni bila kuifungua, maana tapeli wa heshima haonyeshi njaa. Moyoni akamcheka: mjinga mzima, na nyumba ya ghorofa juu yake!

Akapanda ngazi na begi lake. Juu ya bati akakuta kofia mbili nyeupe za feni zimeshafungwa, zinavuma taratibu. Mtu mwenye akili angejiuliza. Injinia alijisemea tu kwamba familia hii kuliwa ni desturi yao, akachukua mkasi wa bati, akatoboa shimo.

Alipokuwa anaitoa ile feni tupu, akasikia ngazi inaburuzwa.

"Mama! Ngazi!"

Uso wa mama ukachomoza chini ya shimo, kwenye tundu la dari ya bafu, ametulia kabisa.

"Hiyo rudisha kwenye begi. Funga ile iliyonivua mtandio."

"Mama, zote ni sawa."

"Mwanangu, uko juu ya bati langu, umetoboa shimo, na ngazi huna. Nikiita mwizi, majirani watauliza cheti chako?"

Injinia akaingiza mkono mfukoni, akaichana bahasha. Zikatoka bili za maji, za zamani, zimekunjwa vizuri. Bati lilikuwa linaunguza makalio. Alitamani kulia, lakini jasho lilishatangulia machoni.

"Haya, jifunge kamba kiunoni," mama akaamuru, akimpenyezea shimoni kamba, bomba na silikoni. "Ncha nyingine si kwenye mfereji wa maji ya mvua, utang'oka na wewe! Pitisha shimoni, ifunge kwenye mbao ya kenchi, ile inayobeba bati. Umeme nimezima kwenye swichi kubwa, na ufunguo wa boksi ninao kifuani. Wa kwanza alishika waya wenye moto, akalia kama mbuzi."

"Wa kwanza?"

"Wewe wa tatu. Yule wa pili bomba la hewa alilikomesha ndani ya dari, mvuke ukaozesha mbao. Nilimrudisha akazibadilisha zote. Kwa hiyo bomba lako litoke mpaka nje, unanisikia? Na ukingo wa juu wa feni uuchomeke chini ya bati, wa chini ulale juu ya bati, mvua ipite zake. Kisha zibia silikoni, usibanie."

Injinia alifanya kazi. Kwa mara ya kwanza maishani alikaza skrubu akitaka ikaze. Kila alipolegeza mkono, mama alikohoa, naye akakaza tena. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, umeme ukawashwa, feni ikanguruma, na karatasi ya chooni ikaruka kutoka kiganjani mwa mama ikanata kwenye wavu.

Ngazi ikarudi. Injinia akashuka.

"Na jikoni mbona huweki?" aliuliza kwa uchungu.

"Jikoni? Jikoni kusipofuka, nyinyi mtaingilia wapi?"

Alimpa maji ya kunywa, glasi imejaa, kisha akashusha sauti. "Dada yangu anakaa nyuma ya soko. Feni amenunua mwenyewe, kubwa kuliko hii, bado iko kwenye boksi. Hana fundi. Na yeye, maskini, si mwerevu kama mimi."

Mtu mwingine angekimbia mpaka miguu iishe. Injinia alifuta jasho, akaipangusa kofia yake, macho yakaanza kung'aa. Feni mpya, kwenye boksi, mikononi mwa mjinga!

"Nyumba ya rangi gani, mama?"

Akaelekezwa, akaondoka kwa haraka. Mama Mwenye Nyumba alimtazama mpaka akakata kona, ndipo akapiga simu.

"Dada, wa kwako anakuja. Umeme uzime mapema, asije akatufia kabla hajamaliza."