Gwaride la Wasuka Ukili Barazani kwa Bi Mosi

Leo nimejiaibisha. Tena kwa hiari yangu, mchana kweupe, mbele ya wanawake wa mtaa, na hakuna aliyenilazimisha.

Uvumilivu wangu umeisha asubuhi. Nimerudi kuuza vitumbua, beseni bado liko kichwani, nikanyoosha mkono kwenye msumari wa ukumbini ninapotundika ukili wangu. Nikaukunjua. Umeongezeka tena.

Kwa msiosuka niwaeleze. Mkeka hauanzi kuwa mkeka. Unaanza kuwa ukili, yaani utepe mrefu wa majani ya ukindu, upana wa vidole vichache. Unasuka unakunja, unasuka unakunja, mpaka unapata bunda kama gurudumu la toroli. Ndipo unaushona ubavu kwa ubavu. Ukili ukiwa na upana mmoja, mkeka unalala chini umetulia. Ukipanuka hapa ukabana pale, mkeka unatuna katikati kama chapati iliyokolea moto.

Na huu ni mkeka wa mdogo wangu Asha, anayeolewa Kiwangwa wiki ijayo. Nilimwahidi kwa simu, mama akiwa pembeni, spika imefunguliwa: "Mkeka wako nausuka mimi. Hakuna mkono mwingine utakaougusa." Mama akaitikia, "Haya, tumesikia." Mnajua mama akisema amesikia maana yake nini. Mikeka sokoni ipo, mizuri tu. Lakini nilitaka Asha akikaa ukweni kwa watu wasiomjua, akipapasa chini, anikute mimi.

Mimi nasuka jioni. Mwanangu Nasri ananyonya, tamthilia inaendelea, vidole vinakwenda vyenyewe. Huo ndio muda pekee kwa siku ambao mimi ni mtu. Sihesabu vitumbua, sijibu maswali, hata anayeninyonya namsahau (yeye hajisahau). Nikimaliza natundika, nalala nikiwa na raha ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Sasa siku hizi natundika ukili ukiwa na urefu huu, nikirudi kutoka kwenye vitumbua naukuta umerefuka. Kuna mtu anaingia kwangu, anasuka, anatundika, anaondoka zake. Haibi kitu. Sukari ipo. Sabuni ipo. Mwanzo nilicheka. Halafu nikadhani ni uchovu. Halafu nikautandaza uani, juani, nikaukagua kama daktari.

Kuna kipande kimenyooka, kimebana, mstari wa zambarau umepita kama umepigwa rula. Kinafuata kipande cha ajabu. Kimepanuka, kikasinyaa, zambarau inapotea na kurudi kama mtoto mtoro. Kisha kizuri tena. Kisha kibaya tena.

Sikuhitaji kufikiri sana kujua kipi changu. (Hapo ndipo nilipokosea, ila tusiende haraka.)

Kwa hiyo leo, nimesimama na ukili mkononi, nikamgeukia mume wangu. Baba Nasri ni mlinzi wa usiku kwenye nyumba ya wageni. Asubuhi anabaki nyumbani na mtoto mimi nikiwa kwenye biashara.

"Nani anaingia humu nikitoka?"

"Mimi nakuwa nimelala," akasema, macho kwenye dari.

"Unalala na mtoto anatambaa?"

"Nalala nusu."

"Leo hakupita mtu?"

Akafikiri. "Alipita Mama Zuhura. Aliomba chumvi."

Basi, kesi ikawa imekwisha. Mama Zuhura tunatenganishwa na ukuta mmoja, na hajawahi kuona kitu cha mwenzake asikitie mkono. Akikukuta unapika anakoroga. Akikukuta unafua anakamua. Nikaubeba ukili kwapani nikatoka. Sikumbuki kama nililitua beseni. Mama Zuhura anasema sikulitua.

Saa hizo wanawake wanaosuka wanakuwa barazani kwa Bi Mosi. Bi Mosi ndiye mkubwa wetu kwa umri na kwa mkono. Barazani kwake hukai mikono mitupu. Ukija kusalimia tu, anakusukumia majani ya ukindu, unazungumza huku unasuka. Nimefika nikiwa na moto, lakini huku kwetu huwezi kugombana kabla ya kusalimiana.

"Shikamoo Bi Mosi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Nasri hajambo? Meno yametoka?"

"Yametoka mawili."

"Mama yako Kiwangwa? Maandalizi? Mananasi mwaka huu?"

Hasira yangu ikapanga foleni mpaka tumemaliza mananasi. Ndipo nikautupa ukili katikati ya baraza.

"Mama Zuhura, umeniharibia mkeka wa mdogo wangu."

"Mimi?" Akanitazama, akalitazama beseni. "Mimi nimechukua chumvi. Tena ina mchanga."

"Tazameni wenyewe," nikasema, nikaufungua pale kwenye kibaya. Na hapa naomba mnielewe, nilikuwa na hasira. Nikasema mkono huu ni wa mtu anayesuka huku anaendesha baiskeli. Nikasema mbuzi akitafuna ukindu akautema, unatoka umenyooka kuliko huu. Nikasema aliyesuka hivi ama hakufundwa, ama aliyemfunda alikuwa anasinzia. Nikafungua pale kwenye kizuri, nikaupapasa taratibu. "Na huu ndio mkono wangu."

Bi Mosi akainama, akakitazama kile kizuri kwa muda. Akanitazama mimi. Ningekuwa na akili ningeondoka hapo hapo.

Badala yake nikaomba gwaride la utambuzi. Nimesoma mpaka kidato cha nne na tamthilia za polisi naziangalia, najua mshukiwa anatafutwaje. Kila msusi ana mkono wake kama mwandiko, hilo hakuna anayebisha barazani pale. Nikasema kila mmoja achukue ukindu, asuke kipande cha urefu wa kiganja mbele yangu, nilinganishe.

"Nitoe na alama za vidole?" akauliza Mama Zuhura.

"Suka."

Wakasuka. Walikuwa wanaona raha, nawaambia ukweli. Mwingine alinyoosha mgongo kama yuko kwenye mtihani. Mwingine akaniuliza kama anaruhusiwa kwenda chooni. Mimi nazunguka kama msimamizi, nachukua kila kipande nakilaza juu ya kile kibaya. Cha Mama Zuhura, kipana sawasawa mwanzo mpaka mwisho. Hakifanani. Cha wa pili hakifanani. Cha wa tatu wala. Cha Bi Mosi kilikuwa kimekwisha kabla sijamfikia, na alikisuka huku anachambua mchele.

Hakuna kilichofanana.

"Bado mmoja," akasema Bi Mosi.

"Nani?"

"Wewe."

"Mimi si ndiye mlalamikaji?"

"Ndiyo mwanangu. Suka tukuondoe kwenye hesabu, tubaki na mwizi."

Nikaketi. Nikalitua beseni (kwa hiyo kumbe nilikuwa nalo). Nikasuka kwa madaha, taratibu, nimekaza midomo, nataka waone mkono uliofundwa. Nikampa Mama Zuhura, maana yeye ndiye aliyenyoosha kiganja.

Akakilaza juu ya kile kizuri. Akakisogeza. Akakigeuza. Akakinyanyua, akakipeleka juu ya kile kibaya, akakiachia.

Kikalala pale kama kimerudi kwao.

"Pacha hawa," akasema Mama Zuhura.

Mpaka mchele wa Bi Mosi ulinyamaza kwenye ungo. Mimi nilikuwa natazama zambarau. Inapotea pale pale. Inarudi pale pale. Kumbe ndivyo ninavyosuka tangu siku zote, nikitazama tamthilia badala ya kutazama mkono. Na Mama Zuhura, mwanamke asiyekumbuka kurudisha chumvi ya mtu, alikumbuka kila neno langu. Akaanza na baiskeli. Akaja kwenye mbuzi. Kwenye kufundwa akamgeukia Bi Mosi: "Si wewe uliyemfunda huyu?"

"Nilikuwa nasinzia," akasema Bi Mosi.

Wakacheka mpaka mmoja akajilaza. Mimi nimekaa kati, mashavu yanawaka. Lakini nitawaambia kitu cha ajabu. Ndani ya aibu yote ile, kuna swali lilikuwa linanitekenya, likakataa kuondoka. Kama kibaya ni changu, hiki kizuri ni cha nani? Nani ana mkono kama huu mtaani kwetu na hatumjui?

Hapo ndipo akatokea Baba Nasri, mtoto anamlilia begani.

"Mama Nasri, huyu ana njaa."

Nikampokea mtoto nikamnyonyesha. Baba Nasri akakaa pembeni ya baraza kusubiri, amegeuzia uso barabarani kama wanaume wanavyokaa penye wanawake wengi. Bi Mosi akachukua ule ukili wangu, ncha yenye majani yaliyoachwa, akamwekea mkononi.

"Nishikie hapa mwanangu, natafuta mkasi."

Mkasi ulikuwa pajani mwake. Mimi niliuona.

Baba Nasri akashika. Anatazama barabara, punda anapita na magaloni ya maji, anamtazama punda. Na vidole vyake, vile vidole vinene vya kushikia rungu, vikaanza. Jani likapita chini. Jingine likalala juu. Kidole gumba kikabana ukingo, kikaachia, kikabana. Hatazami kabisa. Zambarau ikatoka imenyooka kama imepigwa rula.

Wote tukamtazama mikono.

"Baba Nasri," Bi Mosi akauliza kwa upole kabisa, "wewe umelelewa wapi vile?"

"Saadani. Kwa bibi yangu mzaa mama."

"Alikuwa anasuka?"

"Sana. Mimi ndiye niliyekuwa namnyooshea ukin..." Akageuka. Akaziona sura zetu. Akafuata macho yetu mpaka mikononi mwake. Akauachia ukili kama umemng'ata. "Nilikuwa nashika tu."

"Tangu lini?" nikamwuliza.

Akajikuna shingo. "Tangu mtoto aanze meno. Ukitoka analia. Nikampa jani achezee, akanyamaza. Nikasuka kidogo aone, akakodoa macho. Kesho yake nikasuka tena."

"Si alishanyamaza? Kwa nini hukuacha?"

"Ikawa tamu." Alisema kama mtu anayekiri kamaliza futari ya nyumba nzima peke yake.

"Na hukuniambia."

"Wenzangu lindoni wakisikia nasuka ukili, watanivisha kanga. Halafu..." Akaninong'oneza, ila barazani kwa Bi Mosi hakuna mnong'ono unaofika kwa mtu mmoja. "Nilikuta pale kwako panapanuka. Nikawa nabana changu kidogo, ili mkeka wa Asha ulale."

Mume wangu alikuwa ananirekebisha kila asubuhi. Mimi jioni napanua, yeye asubuhi anabana. Nilitaka kufoka. Nilikuwa nimeshavuta pumzi kabisa. Badala yake nikasikia mdomo wangu unauliza: "Unabanaje pembeni bila jani kukatika?"

Akanionyesha. Unalilowesha kidogo, unalivuta ukiwa umelilaza, si likiwa limesimama. Nikajaribu kwa mkono mmoja, mtoto yuko kwenye titi. Kidogo tu nikawa nimepatia. Tukawa tumeinamiana pale, vichwa vinagongana, nimesahau kabisa kuwa nina hasira.

Nikakumbushwa na hukumu. Maana wanawake walikuwa wanashauriana, na Bi Mosi akatoa uamuzi: vipande vyangu vyote vifumuliwe, vya Baba Nasri vibaki. Na kwa kuwa siku zimebaki chache, Baba Nasri aje barazani kila asubuhi amalizie kazi, mimi nikirudi nishike mtoto.

Nikamtazama mume wangu akatae.

"Mnaanza saa ngapi?" akauliza.

Nikaondoka na mtoto wangu moja kwa moja mpaka kwa mjumbe wa mtaa, Mzee Kondo. Nimemkuta na kikombe chake cha kahawa. Akaniona nilivyokuja, akavuta kiti.

"Amekupiga?"

"Hapana mzee."

"Ana mwanamke?"

"Anao barazani kwa Bi Mosi, kundi zima."

Akakiweka kikombe chini. Nikamweleza yote, hakucheka (alikohoa sana). Akasema lalamiko la kweli huandikwa, akachukua karatasi, nikatamka, akaandika kwa mwandiko wake wa taratibu. Limepokelewa, limepigwa muhuri, linasema hivi:

"Mimi, Mama Nasri, mkazi wa mtaa huu, namlalamikia mume wangu pamoja na wasuka ukili wa barazani kwa Bi Mosi. Mume wangu ameingia katika kazi yangu bila idhini, akaifanya vizuri kupita kiasi. Wasusi wameamua kipande changu kifumuliwe na chake kibaki. Sikubali. Nilimwahidi mdogo wangu mkono wangu, na mkono wangu ndio huo, sina mwingine. Niko tayari kufundishwa kubana pembeni, ila mwalimu asiwe mtu ninayempikia. Naomba ukili ushonwe wote kama ulivyo, uliopinda na ulionyooka, wa mama na wa baba. Mkeka ukituna katikati, bwana harusi ni mzito, ataukalia mpaka ulale."